Spesa za Shemeji

Wewe unayepanda daladala shukuru Mungu. Unalipa nauli, unasimama, unakanyagwa, unashuka. Hakuna anayekuuliza habari za tundu la katikati. Mimi nina pikapu. Hilux, kabini moja, ya zamani kidogo, imetoka Japani na stika ya maandishi ambayo mpaka leo sijui ni dua au onyo. Inabeba tofali. Inabeba mchanga. Inabeba madumu ya maji ya Mama Watoto. Inabeba majirani wanaohama usiku bila kumuaga mwenye nyumba. Haijawahi kulalamika. Mlalamikaji ni shemeji.

Shemeji yangu, mdogo wake Mama Watoto, hana gari. Naomba hilo lieleweke mapema. Hana gari, hana leseni, baiskeli yenyewe aliiuza. Ila ana simu, na humo ndani anaangalia pikapu za Thailand usiku kucha, kwa bando langu. Basi tumekaa kwenye benchi la mangi, anakula andazi nililonunua mimi, akaiangalia pikapu, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Shem, gari limebana miguu."

Limebana vipi?

"Tairi zimeingia ndani mno. Limekaa kinyonge. Weka spesa."

Spesa sizijui. Nikamjibu, "Nilishafikiria hiyo." Ndivyo tulivyolelewa wanaume wa mtaa huu. Ukitajiwa kitu cha gari usichokijua, unaitikia kwa kichwa, halafu unaenda kulipiga tairi teke la heshima.

Kama na wewe sasa hivi umeitikia kwa kichwa, ngoja nikupe bure. Spesa ni duara la chuma, mara nyingi alumini, lina matundu. Linakaa kati ya habu na rimu. Kazi yake kulisukuma tairi nje. Basi. Ukiweka ya milimita 30 kila upande, gari linapanuka sentimita 6. Kuna watu wanaihitaji kweli, wamevaa matairi makubwa yanayokwaruza chasisi kwa ndani, wanataka nafasi. Na wanasema gari likipanuka linatulia kwenye kona, kwa kiasi ni kweli. Mimi matairi yangu hayakwaruzi kitu na kona yangu kubwa ni ya kuingia kwangu. Lakini limeshaitwa nyonge mbele ya mangi. Utafanyaje?

Tukaenda Kariakoo. Kijana wa duka ana miaka mingapi sijui, ndevu bado, ananihoji utadhani nimeomba uraia.

"Tundu ngapi, mzee?"

Za nini?

"Stadi."

Sita. Hapo nikatamba. Nilishazihesabu siku ya pancha.

"PCD?"

Nikamwambia karatasi zote za gari ziko nyumbani. Kijana akamwangalia mwenzake. Mwenzake akaingia stoo kucheka. Shemeji, ambaye na yeye hakuwa anajua, akacheka pia, kwa sauti kuliko wote.

Kumbe PCD ni upana wa lile duara linalopita katikati ya stadi zote. Hilux yenye stadi sita ni milimita 139.7. Mia moja thelathini na tisa nukta saba! Nani alipima huyu? Angeongeza kidogo tu si ingekuwa 140, kila mtu akalale? Kijana akaniambia hizo ni inchi tano na nusu, ndiyo maana. Na kwamba Ford Ranger nayo ni hiyohiyo, na L200, na Isuzu D-Max. Akachukua spesa ukutani, akapuliza vumbi, akasema neno ambalo kwangu lilikuwa tamu sana. "Hii inaingia zote."

Inaingia zote! Na mimi ndiyo zangu. Shati linaloingia mtu yeyote, dawa inayotibu yote, mahubiri yanayofaa dini zote. Nikatoa hela.

Hela ikakataa. Maana zipo za aina mbili. Ya kwanza ni sahani tu, bati nene lenye matundu, unaichomeka juu ya stadi za gari lako, unarudisha rimu, unakaza nati zilezile. Ya pili ni nene, ina stadi zake yenyewe. Unaifunga kwanza kwenye habu kwa nati zake, halafu rimu unaifunga kwenye ile spesa. Ya pili ndiyo bei. Nilikuwa na hela ya mbili. Pikapu ina magurudumu manne, hilo nalo nilikuwa nalijua. Shemeji akapata jawabu. Nyuma tuweke hizi nene za milimita 30, kwa sababu nyuma ndiko watu wanakoangalia. Mbele tuweke sahani za milimita 10, "za kusindikizia".

Unaona ugumu wowote hapo? Mimi sikuuona. Kijana wa duka naye hakuuona, alikuwa anahesabu noti.

Ndani ya boksi kulikuwa na kikaratasi. Kina Kichina, kina Kiingereza, kina picha ya spana na mshale. Shemeji akafutia mafuta ya andazi.

Fundi wetu yupo chini ya mwarobaini, karibu na msikiti, bei zake za kibinadamu. Akatoa tairi. Habu ina kutu, nyekundu kabisa, na ina matope ya masika ya mwaka juzi. Akaigonga nyundo mara mbili, kutu ikadondoka kidogo, akaridhika. Spesa ikaingia huku inachezacheza pale katikati, akasema itakaa yenyewe. Akakaza. Akatia bomba refu kwenye mkono wa spana, akalipanda kwa miguu miwili, akaruka. Nati ikalia mlio ambao mimi meno yaliniuma. "Hiyo mzee mpaka kiama haifunguki." Nikampa na ya soda.

Sasa sikia maisha yangu baada ya kupanuka.

Siku ya kwanza, raha. Nimepita kwa mangi polepole, kioo chini, mkono nje. Watu wameangalia. Siku ya pili ikanyesha. Bwana wee. Matairi yako nje ya madigadi, sasa yale matope yanayotakiwa kupiga chini ya bodi yanapaa hewani yanatafuta watu. Mlango wangu, kioo changu, sikio langu la kulia. Nikapita kwenye dimbwi mbele ya akina mama wametoka kwenye kitchen party, wameshona sare, hariri ya rangi ya limau. Sitaki kueleza. Mmoja wao ni mweka hazina wa kikoba cha Mama Watoto. Mpaka leo mkopo wetu "unajadiliwa".

Stelingi ikawa nzito. Nikikanyaga shimo kwa tairi la kulia, usukani unanipokonya unaenda kulia, nikikanyaga kwa kushoto unaenda kushoto. Nikikata kona yote mpaka mwisho, kule mbele kunakwaruza krrr, kila mtu anageuka. Nikifika spidi 80 gari linaanza kutetemeka, kioo cha ndani kinanionyesha nyuso zangu nne. Shemeji akasema hiyo ni balansi. Nikafanya balansi. Akasema ni alaimenti. Nikafanya alaimenti. Akasema ni barabara. Barabara siwezi kuifanya.

Afande akanisimamisha. Akazunguka gari lote bila kusema neno, mikono nyuma. Akarudi dirishani. "Mzee, haya matairi yanaelekea wapi?" Nikacheka, nikidhani ni utani. Haukuwa utani.

Lakini yote hayo ningeyabeba. Ni mtu mzima, nimeoa, nimezoea. Kilichonimaliza ni safari ya mananasi.

Mama mkwe alikuja kutusalimia, akasema anataka nanasi za Kiwangwa, za kuuza kidogo na za kupelekea watu wake. Mkwe akisema anataka, wewe unawasha gari. Asubuhi nikafanya kila kitu cha mtu mwenye akili. Nimeangalia maji, oili, nimeshika spana nimezungukia nati zote za matairi moja baada ya nyingine. Zimekaza ngangari. Mama mkwe ameniona nikikaza. Akaniitikia kwa kichwa. Nilijisikia mkwe kweli.

Tumefika Kiwangwa salama, tumepakia, pikapu imeshuka chini vizuri kwa uzito. Tunarudi na barabara ya Msata kwenda Bagamoyo. Mara, tok.

Nikasubiri. Tok. Tok. Tok.

Nikaongeza redio.

Mama mkwe akasema, "Baba, hicho kinachogonga ni nini?"

"Ni mananasi, mama. Yanajipanga."

Tok, tok, tok, tok. Akanyamaza. Wakwe wa kwetu hawabishani na mwanaume kwenye gari lake. Ila akatoa tasbihi kwenye mkoba. Nikaongeza redio tena. Kilikuwa kipindi cha matangazo ya vifo.

Kijana wa bodaboda akaja ubavuni, amebeba kreti la soda na abiria juu yake, anapiga honi, ananipungia. Nikampungia. Akapiga kelele, "Dingi! Tairi la nyuma linacheza singeli!"

Nikasimama. Nikashuka. Tairi la nyuma kushoto limeinama, juu limeingia ndani kidogo, chini limetoka. Nikashika nati. Imekaza. Ya pili, imekaza. Zote sita zimekaza! Nikamwambia kijana kwa sauti, ili mama asikie, "Nati zote zimekaza, nimezikaza mwenyewe asubuhi!" Kijana akalisukuma tairi kwa mguu. Likaenda kulee, likarudi. Nati zimekaza na tairi linacheza. Mwulize mtu yeyote wa dini yoyote, hilo jambo ni la kawaida?

Tukapiga jeki. Na hapa ndipo aibu ilipoanza rasmi, kwa sababu jeki ya Hilux inakaa ndani, chini ya ekseli, inabidi ulale, na mtu wangu wewe unaujua mwili wangu. Nimeinama nyuma ya gari, suruali imeamua kushuka, na nyuma yangu, chini ya mwembe, kwenye ndoo iliyopinduliwa, amekaa mama mkwe. Kuna vitu mkwe hatakiwi kuviona mpaka kiama. Akajifunika ushungi uso mzima. Nilisikia tasbihi ikienda kasi.

Rimu ilivyotoka, spesa ikatuangalia. Ile spesa, kumbe kule nyuma yake ina nati zake nyingine sita. Za ndani. Zile alizozirukia fundi kwa bomba. Mbili unazizungusha kwa kidole. Moja haipo kabisa, na stadi yake imekatika, imebaki kisiki kinachong'aa. Matundu ya spesa yamekuwa mayai. Mimi kila asubuhi nakaza za nje. Za ndani nani aliniambia zipo? Mama mkwe akafungua pindo la khanga, akasema bila kuniangalia, "Weka humu hizo nati, zisipotee mchangani." Nikaziweka kwenye pindo moja moja, nimeinamisha kichwa, huku naye ameangalia Bagamoyo.

Kijana wa boda akatukazia zilizobaki, tukarudi spidi 30, hazadi zimewaka, bajaji zinatupita zinatuzomea. Malipo yake alichagua mwenyewe. Mananasi.

Kesho yake nikaenda Gerezani kwa fundi mzee, yule anayevaa miwani iliyofungwa uzi. Huyu hachukui gari lako mpaka akutukane kwanza, na inaonekana bei ya matusi imo. Akaniuliza, "Nani anabeba gari? Nati?"

Nati, nikamjibu kwa uhakika.

Akawaita vijana wake waje wasikie.

Kisha akanielekeza, pole pole, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mgonjwa. Nati kazi yake ni kubana. Kinachobeba ni uso wa rimu ulivyobanwa kwenye uso wa habu, chuma kwa chuma, visisogee hata unywele. Ukiacha kutu na rangi pale katikati, mzigo unazisaga, zinaliwa, nafasi inabaki. Nati haijazunguka hata robo lakini mbano umekwisha. Hapo tairi linaanza kuipinda stadi, huku na huku, kila mzunguko, mpaka inachoka inakatika. Ndiyo maana spesa ikishafungwa unatembea kama kilomita 50 mpaka 100, unarudi, unatoa rimu, unakaza tena zile za ndani. Halafu unakagua kila mara. Na hukazi kwa kurukia bomba. Nati ikizidishwa, stadi inavutika, inalegea milele. Kuna spana yenye kipimo, pikapu ya aina yangu ni kama Nm 110, spana inalia tak, unaacha.

Nikamuuliza hayo yameandikwa wapi. Akasema, "Kwenye kikaratasi kinachokuja na boksi."

Nikakohoa.

Nikapiga hesabu pale pale. Nyuma, nati kumi na mbili za nje na kumi na mbili za ndani. Mbele kumi na mbili. Thelathini na sita. Gari la watu wazima lina ishirini na nne. Yaani nimetoa hela yangu kununua kazi ya kukaza nati kumi na mbili zaidi, za mafichoni, ambazo kuzifikia lazima nilale chini suruali ishuke.

Nikamwambia twende mbele, mbele hakuna shida, kule kuna sahani tu. Akatoa tairi. Akasafisha, akarudisha sahani, akarudisha rimu, akanipa nati mkononi. "Zungusha kwa vidole, uhesabu kwa sauti." Wale vijana bado wamesimama. Nikazungusha. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Ikagota.

"Endelea."

Imefika, mzee.

"Endelea kuhesabu."

Hakuna pa kuhesabu! Akanikazia macho juu ya miwani. Stadi yako ni milimita 12, akasema. Kila nati ikizunguka mara moja inakula milimita moja na nusu. Nati inatakiwa ishike stadi kwa urefu usiopungua unene wa stadi yenyewe. Milimita 12. Mizunguko minane. "Wewe una minne. Sahani imekula meno yote. Umekuwa unabeba tofali kwa minne."

Kijana mmoja akasema "Duh." Mwingine akatoa kofia.

Nikauliza na kule kutetemeka. Akachukua ile spesa ya "inaingia zote", akaiweka juu ya habu, akaisukuma kwa kidole. Ikateleza huku na huku. Nikamwambia lakini matundu sita yanalingana! Yanalingana, akasema, na Ford Ranger yanalingana. Lakini lile bomba la katikati ya habu, ambalo ndilo linaloweka kila kitu sentani, Ranger ni milimita 93 na Hilux ni 106. Sasa spesa ya kuingia zote inatobolewa kubwa kuliko habu zote, hata ya Hilux. Ikivaa Hilux inaelea, inategemea nati peke yake kuiweka katikati, na nati za bomba na kuruka haziweki kitu katikati. Spesa nzuri inakamata habu yake barabara, na kwa nje ina mdomo wake wa kukamata rimu. Imechongwa kwenye alumini ya kufua. Hii yangu ni ya kumimina kwenye kalibu. Akaigonga na spana, ikatoa sauti ya sufuria. Nikaona aibu kwa niaba yake.

Na beringi? Nimesikia watu kwa mangi wakisema spesa inaua beringi. Akaniambia shika ndoo ya maji karibu na mwili, halafu inyooshe mbali na mkono mmoja. Ndoo ni ileile, bega ndilo linalolia. Ukisukuma tairi nje, beringi na bojointi zinashika ndoo kwa mbali. Ila akasema kitu ambacho kwa mangi hawakisemi. Hata ukitupa spesa ukanunua rimu ya kutokeza nje, beringi inalia vilevile. Rimu yangu ya kiwandani imeandikwa ET30. Ukiweka spesa ya 30 umefika ET0, ukinunua rimu ya ET0 umefika palepale. Tofauti ni kwamba rimu ina sehemu moja ya kulegea, spesa inazo mbili, na moja huioni.

Nikampelekea shemeji habari hizi zote. Nilidhani atanyamaza. Kumbe alikuwa amejiandaa, bando si langu? "Shem, Porsche 911 zimetoka kiwandani na spesa. Kiwandani!" Ni kweli, nimeulizia, zipo zilizotoka nazo. Lakini Porsche imebeba Mjerumani mmoja na miwani yake. Haijabeba nanasi za mama yako. Na Mjerumani ameichonga ya gari hilohilo, kwa stadi ndefu za kazi hiyo.

Akahamia Land Cruiser. Ile mkonga unayoiona ya mashirika. Akasema zile za injini ya V8, zilizoanza 2007, matairi ya nyuma yamekaa ndani kuliko ya mbele kwa milimita karibu 95 ukijumlisha pande zote mbili, kwa hiyo Toyota wenyewe walisahau kuweka spesa. Hapo alinibana. Ni kweli, ukifuata nyayo zake kwenye mchanga utaona njia mbili kila upande, na Waaustralia wanalalamika mpaka leo. Ikabidi nimtafute mwalimu wa jirani, anasoma kila kitu huyu mpaka gazeti la kufungia nyama. Akanisaidia. Huko Australia kwenyewe, miongozo yao ya kubadilisha magari, wanaiita VSB 14, inasema spesa kwa gari la barabarani hapana, isipokuwa gari limetoka nayo kiwandani. Kwa hiyo wenye mikonga wananunua rimu nyingine au wanabadilisha ekseli nzima. Nikamwambia shemeji, unaona? Akasema, "Kwani tupo Australia?"

Mama Watoto kutoka jikoni akauliza kama bima wanajua tumebadilisha gari. Kimya. Akauliza mara ya pili, nikakumbuka nina mtu wa kuonana naye.

Sasa spesa zimetoka. Pikapu imebana miguu tena, imenyooka, haitetemeki, haimwagii mtu. Stadi mpya moja, beringi moja ya nyuma, kazi ya fundi, matusi. Jumla ukitoa shemeji hesabuni inazidi bei ya spesa nne za maana. Na lawama zote zimerudi kwangu! Fundi wa mwarobaini anasema mimi sikurudi kukaza. Sasa mtu amekuambia mpaka kiama haifunguki, unarudi kufanya nini? Kijana wa duka anasema mimi sikusoma karatasi. Shemeji anasema mimi napakia sana. Mama mkwe hasemi kitu, lakini siku hizi akija anapanda basi la Tegeta, anasema anapenda upepo.

Nikaamua kuuza. Mteja wa kwanza alikuja na gari dogo la stadi tano, nikamwambia hii inaingia zote, akaondoka. Wa pili akauliza tundu la katikati. Nikamfukuza mimi.

Jana nimezibeba kwa mfuko wa salfeti kupeleka kwa mpima skrepa. Alumini ina bei nzuri. Akaweka kwenye mzani, akatabasamu, halafu akazigeuza. "Mzee, hizi stadi ni chuma, zimeshindiliwa humu. Alumini na chuma sipimi pamoja. Zitoe kwanza." Zinatolewaje? "Kwa presi." Presi iko wapi? Gerezani, kwa yule mzee mwenye miwani ya uzi.

Nimempigia kuuliza bei ya kutoa stadi kumi na mbili. Ametaja. Nimepiga hesabu ya kilo za alumini, nimetoa nauli, nimetoa presi, nabaki nadaiwa elfu nne na mia tano. Na kabla hajakata simu, akaniambia nije saa nne, vijana wawepo.